Sare Ibaki, Mtoto Asirudishwe: Tamko la Mafundi Cherehani wa Mwanza

Sisi mafundi cherehani, wadarizi na wauza vitambaa wa Jiji la Mwanza na wilaya za Magu, Misungwi na Kwimba, tuliokutana katika mkutano mkuu wa chama chetu kujiandaa na msimu wa sare, tunatoa tamko hili kwa wazazi na walezi, walimu wakuu na wakuu wa shule, kamati na bodi za shule, halmashauri zetu, TAMISEMI na Wizara ya Elimu.

Mwamba ngoma huvutia kwake, kwa hiyo tuseme mapema ngoma hii imewambwa na nani. Kuanzia Novemba hadi Februari, sare za shule ndizo zinazolipa kodi za fremu zetu. Harusi hutupa vitenge vya kamati, Idi na Krismasi hutupa magauni ya watoto, lakini kazi hizo huja na kuondoka. Sare haikosi mwaka. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, wengi wetu tulikula kwa kushona barakoa. Atakayetusikia tukitetea sare na kutabasamu, atabasamu tu. Tunamwomba asome hadi mwisho, kwa sababu sehemu kubwa ya tunayoyadai humu itapunguza mapato ya mafundi, na wapo wanachama waliotoka mkutanoni wakiwa wamenuna.

Msimamo wetu ni huu. Shule za msingi na sekondari ziendelee kuwa na sare. Sare hiyo iwe nguo ambayo fundi yeyote mwenye cherehani anaweza kuishona, na mzazi anaweza kuinunua dukani, kuipata sokoni au kuirithi kwa mtoto wa jirani. Na mtoto asiye nayo aingie darasani kama wenzake, huku watu wazima wakitafuta namna ya kumpatia.

WANAOTAKA SARE IFUTWE

Hoja yao si ya kupuuzwa. Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 uliondoa ada katika shule za umma hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016, na katika mwaka wa fedha 2022/23 nafuu hiyo ikafika kidato cha tano na cha sita. Waraka Na. 3 wa mwaka 2016, ulioeleza nani abebe mzigo gani, ukaiacha sare mikononi mwa mzazi pamoja na madaftari na kalamu. Ada ikaondoka, sare ikabaki. Mwenye watoto wanne, mmoja wao akiwa anaingia kidato cha kwanza, hukutana nayo mara nne katika mwezi uleule ambao fedha za sikukuu zimekwisha na pamba ndiyo kwanza inapaliliwa. Mtu huyo akisema sare ifutwe, hasemi kwa sababu ya uvivu.

Wengine huongeza kwamba sare ni mabaki ya shule za misheni na za mkoloni. Hutukumbusha kuwa Ujerumani, iliyotutawala kabla ya Uingereza, watoto wake huenda shule na nguo za nyumbani, na kuwa Ufaransa, iliyokaa miaka mingi bila sare katika shule zake za umma, ilianza kuzijaribu mwaka 2024 tu, tena katika shule kama 100.

Jibu letu linatoka kwenye meza ya kukatia nguo. Sisi ndio tunaoletewa nguo za watoto tuzitie viraka, na tunajua hali ya nguo hizo. Sare ikifutwa, mtoto hataenda shule bure. Ataenda na nguo za nyumbani siku tano za juma, mbele ya wenzake walewale. Mwenye shati jeupe la kauka nikuvae hulifua jioni, akalivaa asubuhi, na hakuna ajuaye kama ni lilelile la jana. Likiwa shati la maua, darasa zima litakuwa limejua kufikia Jumatano. Walimu wa shule zenye siku ya nguo za nyumbani mwishoni mwa muhula wanaweza kukutajia ni akina nani huumwa ghafla siku hiyo.

Hatusemi kwamba sare inaongeza ufaulu. Marekani wamebishana juu ya jambo hilo tangu Long Beach, California, ilipozifanya sare kuwa lazima mwaka 1994 katika shule zake za msingi na za kati, na watafiti hawajapatana hadi leo. Sare haifundishi kuzidisha wala kusoma. Mwalimu mkuu anayedhani ameshinda vita ya nidhamu kwa kuwa soksi zimepandishwa hadi gotini anajidanganya.

Kazi ya sare hapa kwetu ni ya barabarani zaidi kuliko ya darasani. Nauli ya mwanafunzi katika daladala, ambayo LATRA huipanga chini sana ya nauli ya mtu mzima, hulipwa kwa ushahidi wa sare. Makondakta wanalijua hilo vizuri mno, kiasi kwamba gari huweza kukipita kituo chenye watoto wengi bila kusimama; hilo ni tatizo jingine, na lina wenyewe wa kulitatua. Mtoto mwenye sare akionekana saa nne asubuhi kwenye kibanda cha video, mnadani au karibu na gesti, mtu mzima yeyote huona ana haki ya kumwuliza kwa nini hayuko darasani, na wengi huuliza. Binti mwenye nguo za nyumbani saa hiyohiyo ni mpita njia tu. Hiyo ndiyo kazi ya sare tunayoitetea, na kwa kazi hiyo shati jeupe na sketi ya bluu ya bei ndogo vinatosha kabisa.

NEMBO NA DUKA MOJA

Hapa ndipo mgogoro ulipo, na ndipo mkutano wetu ulipochelewa kumalizika.

Mzazi hupokea maelekezo ya kujiunga. Ndani yake mna orodha: mashati mawili yenye nembo iliyodariziwa mfukoni, sweta lenye nembo, tai, fulana ya michezo yenye jina la shule mgongoni, traksuti, na sketi mbili za kitambaa ambacho ukizunguka maduka yote ya mjini hukipati. Chini ya orodha imeandikwa kwamba vyote vinapatikana katika duka fulani, au katika ofisi ya shule yenyewe, na kwamba sare zilizoshonwa kwingine hazitapokelewa. Mzazi huyo ana fundi mtaani kwake. Pengine dada yake mwenyewe ana cherehani barazani. Haruhusiwi kuwatumia. Analipa bei aliyopangiwa, na mtoto anarudi na shati lililokatwa kwa saizi tatu za watu wote, mabega yakining'inia, na sketi yenye upindo wa unene wa kidole kimoja ambao hautamfikisha Juni.

Shule za binafsi zimekwenda mbali zaidi: nguo ya Jumatatu, nguo ya michezo, nguo ya Ijumaa, nguo ya safari. Hizo zina makubaliano yake na wazazi wake, na wazazi wa aina hiyo wana simu na sauti ya kuhoji. Sisi tunazungumzia zaidi shule za umma, ambako mzazi ameambiwa kwamba elimu haina malipo.

Wanachama wetu wachache wenye mikataba na shule walipewa nafasi ya kusema. Walisema wazazi wakiachiwa, rangi zitavurugika. Katika hili wana ukweli. Shule ikiandika bluu bila kufafanua, mwuza kitambaa ana bluu bahari, bluu iliyoiva na bluu inayokaribia weusi. Damu ya mzee ya duka moja ni zambarau ya duka jingine, na baada ya kufuliwa miezi michache kila kitambaa huchagua njia yake. Walisema pia kwamba fundi wa mtaani hutumia uzi dhaifu na kuruka overloki. Wapo wanaofanya hivyo. Lakini dawa ya fundi mbovu ni mzazi kuhamia kwa fundi mwingine, na mkataba wa duka moja ndio unaoizuia dawa hiyo.

Tunapendekeza njia rahisi. Shule itundike ofisini kipande cha kitambaa cha sare yake, kikiwa na jina la kitambaa, na kila mwenye duka aruhusiwe kuja kuchukua sampuli. Nembo isidariziwe kwenye shati. Iwekwe kwenye kiraka kidogo ambacho shule itakiuza kwa gharama yake ya kukitengeneza, na mzazi akishone mwenyewe kwa sindano ya mkono. Shati likichakaa, kiraka kinafumuliwa na kuhamia shati jipya. Mtoto akimaliza shule, kiraka kinamngoja mdogo wake. Sweta liwe la rangi moja lisilo na maandishi, ili lipatikane hata kwa mama anayefuma nyumbani.

Wadarizi wenye mashine za kompyuta watapoteza kazi fulani kwa mpango huu, na ndio walioupinga kwa sauti kubwa kuliko wote. Mmoja wao, akiwa bado amekasirika, alikubali kwamba kudarizi viraka mia kwenye kitambaa kimoja kilichotandazwa ni rahisi kuliko kubana mifuko ya mashati mia yaliyokwisha kushonwa.

Tusidhaniwe tunabuni mambo. Mwaka 2021 Bunge la Uingereza lilitunga sheria kuhusu gharama za sare kwa shule za England, na mwongozo uliotolewa chini yake unazitaka shule kupunguza vitu vyenye nembo hadi vichache kabisa, kuepuka kumfunga mzazi kwa muuzaji mmoja bila ushindani, na kuhakikisha sare zilizotumika zinapatikana. Hiyo ni nchi yenye kipato kikubwa mara nyingi kuliko chetu, na bado iliona mzazi anaumizwa. Karibu zaidi na sisi, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, mwanafunzi wa Kongo hutambulika kwa shati jeupe na suruali au sketi ya bluu, awe Lubumbashi, Bukavu au Goma. Familia ikihama mji, mtoto huenda shule mpya na nguo zilezile. Shule zetu nyingi za msingi za serikali tayari zina nyeupe na bluu. Nusu ya kazi imeshafanyika, na inasikitisha kuona shule zikiikimbia ili zionekane za kisasa.

MKATO, RANGI NA HALI YA HEWA

Wanaochagua mtindo wa sare mara nyingi si wanaouvaa wala wanaoushona. Fundi huitwa uamuzi ukiwa umekwisha, akaambiwa atoe bei. Tungeulizwa mapema, tungesema yafuatayo.

Sketi ya marinda kamili, yaliyopandana mzunguko mzima, hula kitambaa mara 3 ya kipimo cha kiuno. Sketi ya vipande sita, au yenye marinda mawili mbele na mawili nyuma, hutumia kitambaa kidogo zaidi, humpa msichana nafasi ya kukimbia na kupanda baiskeli, na haimchukui nusu saa kuipiga pasi ya mkaa. Shule inayodai marinda kamili imempandishia mzazi bei bila kumpa mtoto kitu. Tunalisema hili tukijua kwamba marinda hutulipa vizuri.

Sketi nyeupe, ya kaki iliyopauka au ya kijivu chepesi kwa wasichana waliokwisha vunja ungo ni ukatili usiokusudiwa. Kina mama mafundi ndio waliolisimamia jambo hili mkutanoni, na hakuna aliyelipinga. Msichana aliye katika hedhi akivaa rangi hiyo hukaa akiwaza kiti chake badala ya ubao, na siku nyingine habanduki nyumbani kabisa. Rangi iliyoiva na mfuko mmoja wenye kina cha kutosha kuhifadhi pedi haviongezi bei ya sketi kwa kiasi cha kujadiliwa. Mifuko yenyewe imekuwa ikiondolewa kwenye sketi za wasichana kwa madai kwamba inaharibu umbo, wakati kaptula ya mvulana wa darasa la pili ina mifuko miwili ya kuwekea golori.

Soksi nyeupe katika vijiji vya Kwimba wakati wa mvua, pale udongo wa mbuga unapomnasa mtoto hadi kwenye kifundo cha mguu, ni amri ya mtu asiyefua. Tai na koti zito jijini Dar es Salaam au Tanga mwezi Februari hazina maelezo. Na huko Makete na Njombe, ambako Juni na Julai umande huganda majanini, wavulana wa shule za msingi wanatetemeka ndani ya kaptula kwa sababu tu kaptula ndiyo iliyozoeleka. Suruali ndefu iruhusiwe kwa wavulana, na kwa wasichana wanaoitaka, kila mahali penye baridi. Tofauti ya kitambaa si kubwa.

Mashati mengi ya shule hushonwa kwa tetroni, kwa kawaida mchanganyiko wa polista asilimia 65 na pamba asilimia 35. Kitambaa hicho hukauka haraka, hakihitaji pasi nyingi na hudumu; kwa mtoto mwenye shati moja, kukauka haraka ni jambo la maana kuliko ulaini. Tatizo ni polista tupu iliyojaa sokoni sasa hivi kwa jina hilohilo la tetroni. Haivuti jasho, na mtoto anayetembea mwendo mrefu hufika darasani amelowa. Mzazi asitegemee maneno ya muuzaji. Akifinye kitambaa kiganjani kwa nguvu, kisha akiachie: kile kinachofunguka chote bila mkunjo hata mmoja hakina pamba ya maana ndani yake.

PAMBA YETU

Hili lilitokea katikati ya mjadala wa rangi, na wengine walitaka liachwe kwa kuwa ni kubwa kuliko chama chetu. Tumeamua libaki.

Watoto wa wakulima wa pamba wa Kwimba, Magu na Simiyu wanavaa kwenda shule mashati ya kitambaa kilichotoka nje ya nchi. Pamba ya wazazi wao, kwa sehemu kubwa, imeuzwa nje ikiwa marobota. Wazee kati yetu walijifunza kushona kwa vitambaa vya MWATEX, kiwanda cha hapahapa Mwanza, na vya Urafiki kutoka Dar es Salaam. Sababu za viwanda vya nguo kudhoofika ni nyingi, na mitumba ni mojawapo, lakini moja inatuhusu moja kwa moja. Kiwanda hakiwezi kutia rangi mita chache kwa ajili ya shule moja na kubaki na faida. Kinahitaji oda ndefu ya rangi moja. Kila shule inayojitungia rangi yake ya kipekee inaligawa soko la sare vipande vidogo ambavyo hakuna kiwanda cha ndani kitakachovihangaikia, na mwagizaji mmoja anabaki akiuza atakavyo. Shule za msingi za umma za kanda nzima zikiwa na bluu moja na nyeupe moja, zenye namba ya rangi inayojulikana, hapo pana soko ambalo kiwanda kinaweza kulipigia hesabu. Tunaiomba Serikali ilitazame jambo hili pamoja na wenye viwanda na Bodi ya Pamba, na tuko tayari kuja na sampuli.

KUBADILISHA SARE

Mwalimu mkuu mpya anapohamia na kuamua kwamba sweta la kijani sasa liwe la zambarau, kwa wazazi hiyo ni kodi isiyopigiwa kura. Sare ibadilishwe tu baada ya mkutano wa wazazi, na sare ya zamani iendelee kukubaliwa hadi mtoto aliyenayo imzidi au amalize shule. Safu ya paredi ya Jumatatu itakuwa na rangi mbili kwa miaka kadhaa. Hakuna atakayekufa.

GETINI

Kila Januari tunawasikia wakuu wa mikoa na wa wilaya wakitangaza kwamba mtoto apokelewe shuleni hata kama hana sare. Tunawashukuru. Lakini tangazo la redioni halifiki getini, na getini pana mwalimu wa zamu mwenye fimbo. Mtoto hafukuzwi kwa barua. Huambiwa tu akamwite mzazi, au arudi kesho akiwa amekamilika. Wiki ya pili anaacha kurudi, na kwenye daftari la mahudhurio anaandikwa mtoro. Wapo watoto wanaotumwa na walimu moja kwa moja kwenye fremu zetu kuuliza bei, wakasimama mlangoni wakitazama mashine, kisha wakaondoka.

Athari ya jambo hili imepimwa, tena jirani. Magharibi mwa Kenya, watafiti walifuatilia shule za msingi 328 katika mpango ambao, kwenye baadhi ya shule hizo, kuanzia mwaka 2003, wanafunzi wa darasa la sita walipewa sare bure. Katika shule zilizopata sare, walioacha masomo walikuwa wachache zaidi, na baada ya miaka mitatu wasichana waliokuwa wamepata mimba walikuwa asilimia 13, wakati katika shule zisizopewa walikuwa asilimia 16. Utafiti mwingine wa hukohuko ulikuta utoro ukipungua sana, hasa kwa watoto ambao hawakuwa na sare kabisa. Ila walipofuatiliwa miaka minane baadaye, haikuonekana tofauti katika kumaliza shule ya msingi. Wasomi wanaweza kushangaa. Fundi hashangai, kwa sababu mtoto anayekua huizidi sare yake kabla hajamaliza madarasa mawili. Ukimpa ya darasa la nne ukamsahau, darasa la sita yuko palepale getini.

Kwa hiyo tunadai agizo la kuwapokea watoto wasio na sare litolewe kwa waraka wa maandishi, libandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kila shule, na lizuie pia kumchapa, kumsimamisha paredini au kumnyima mtihani mtoto kwa sababu ya mavazi. Atakayeanza kidato cha kwanza aruhusiwe kuendelea na sare ya shule ya msingi hadi mzazi atakapojiweza. Halmashauri zinunue sare za watoto wa kaya zilizomo katika mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini, na zinunue kwa vikundi vya mafundi wa kata husika. Hapa, ndiyo, tunavutia kwetu.

Kuhusu mavazi ya dini, hatuna mengi. Kenya ilipelekana mahakamani juu ya shule moja ya Isiolo: Mahakama ya Rufani mwaka 2016 ikawaruhusu wasichana wa Kiislamu kuvaa hijabu na suruali pamoja na sare, na Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu hiyo kwa sababu ya utaratibu uliotumika kulileta dai. Miaka ilipita, wasichana wakakua. Katika shule nyingi za Tanzania hijabu ya rangi ya shule ni jambo la kawaida, na mafundi tunaikata kutoka kitambaa kilekile cha shati. Maelekezo ya kujiunga yaiandike wazi pamoja na sketi ndefu, ili mtoto asilazimike kuanza kidato cha kwanza kwa kuomba ruhusa.

TUNAYOJIFUNGA NAYO

Wanachama wa chama chetu watabandika bei za sare mlangoni kuanzia Oktoba, na bei hizo hazitapanda Januari. Watapokea malipo kidogokidogo kuanzia mwezi huo, na nguo itakabidhiwa nusu ya bei ikishalipwa; iliyobaki mzazi atamalizia hadi msimu wa kuuza pamba. Kila sketi, suruali na kaptula itaachiwa upindo wa vidole vinne, na fundi aliyeishona ataushusha bila malipo mtoto akirefuka. Sare zilizowabana watoto zitapokelewa katika fremu yoyote yenye bango la chama, zitatiwa vifungo na viraka panapohitajika, na zitakabidhiwa kwa walimu wakuu, ambao watampa mtoto ndani ya ofisi na si mbele ya paredi. Mwanachama atakayempa mkuu wa shule asilimia yoyote ili apewe kazi ya shule nzima atafutiwa uanachama, na jina lake litasomwa mkutanoni.

Wenye mikataba ya duka moja waliomba waachiwe hadi mikataba yao iishe. Mkutano umewapa muhula mmoja. Shule itakayotaka mfano wa kiraka cha nembo au michoro ya sketi ya vipande sita itavipata kwa katibu wa chama, bila malipo, siku yoyote ya kazi kabla ya saa kumi jioni.

Limetolewa Mwanza na Kamati ya Utendaji kwa niaba ya wanachama.